Mvua Iliyotoka Mdomoni mwa Anko

Ng'ombe akilala chini wakati wa ukame na ashindwe kuamka, hakuna maneno ya kumtia moyo. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wa tatu anasukuma ubavu, na mnamwinua pamoja. Akishasimama mnamshikilia kidogo, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, mpaka akumbuke kwamba ana miguu. Kazi yangu ilikuwa mkia. Anko alisema mkia unataka mtu asiyejali harufu na anayependa kelele, na kwamba Mungu aliniumba kwa kazi hiyo hiyo, hizi habari za shule ni za kupitisha wakati tu.

Ilikuwa likizo ya Desemba na mvua za vuli zilikuwa zimekataa. Mama alinitoa Kitengela akanituma kwa Koko, mama yake Baba, ambaye anakaa mbele ya Isinya ukielekea Kajiado. Mama alisema naenda kumsaidia Koko. Nadhani yeye mwenyewe alitaka kusaidiwa kwa kutoniona. Ng'ombe ni wa Koko. Babu alipofariki watu walimwambia auze, akakataa, na tangu hapo Anko, ndugu mdogo wa Baba, ndiye anayewachunga. Baba hakuhusishwa. Baba alienda kutafuta kazi Kitengela kabla sijazaliwa, na kuhusu ng'ombe akawa kama mgeni.

Asubuhi moja tulimwinua yule wa kijivu. Huyo ndiye alikuwa wa mbele. Wenzake walimfuata popote, hata akienda kunywa maji ya kufua nguo. Kumwona yeye chini kulitunyamazisha wote, mpaka mimi, na mimi hunyamaza nikiwa nimelala au nimekula. Alipokuwa wima, Koko alipitisha mkono mgongoni mwake polepole, mfupa kwa mfupa.

"Hawa wamebaki na safari moja," akasema.

Hakuhitaji kueleza. Nyasi za hapo zilikuwa zimekwisha. Ng'ombe walikuwa na nguvu ya kwenda mahali pamoja. Wakifika wakute majani, wataishi. Wakifika wakute vumbi, hawana miguu ya kurudi wala ya kujaribu kwingine. Na mahali pa kwenda palikuwa pawili tu: kusini, upande wa Loitokitok chini ya mlima, au magharibi, Ewuaso Kedong, nyuma ya vilima vya Ngong. Huwezi kuwagawanya, maana hakukuwa na wachungaji wawili.

"Loitokitok," Anko akasema. "Huko kumenyesha. Kila mtu anasema."

"Kila mtu ni nani?" Koko akauliza.

Hapo ndipo nilipopewa kazi yangu ya pili. Nilikuwa na simu yenye kredo, na nyuma ya boma kuna kichuguu ambacho ukisimama juu yake unapata network. Nikapanda kama mhubiri. Nikampigia shangazi yangu wa Isinya, anayefanya kazi kwa shamba la maua. Nikampigia shemasi wa kanisa la Koko. Nikampigia mwenye bucha ya pale njia panda, na yule kijana wa boda anayetuletea unga. Wote, bila kusita, walisema Loitokitok kumenyesha vizuri sana. Shemasi alisema mito inapita. Wa boda akasema amesikia hata daraja limebebwa.

Nilirudi na habari zangu kifua mbele. Watu wanne, hakuna hata mmoja aliyetofautiana na mwenzake. Mwalimu akisahihisha mitihani inayofanana hivyo huita wazazi, lakini hilo halikunijia wakati huo.

"Si nilisema!" Anko akapiga paja. "Kesho kabla ya jua tunatoka."

Lazima nieleze kitu kuhusu watu wetu, Wamaasai. Sisi hatusemi jambo na kupita. Mkikutana mnasimama, na mmoja anatoa habari yote, ilomon: boma likoje, nani mgonjwa, ng'ombe wanakunywa wapi, mvua imeonekana upande gani. Mwingine anaitikia ee, ee, mpaka mwisho, kisha naye anatoa zake. Kumpa mtu salamu bila habari ni kama kumkaribisha chai kikombe kikiwa kitupu. Na habari ikishaingia kwako inakuwa yako. Unaitoa mbele kwa sauti yako mwenyewe, na hakuna anayesema alipoitoa. Kusema ingeonekana kama humwamini aliyekupa.

Mimi jioni hiyo sikuwa nafikiria mambo makubwa hivyo. Nilikuwa nataka kumchokoza Anko. Nilipanda tena kichuguu na wazo la kijinga: nitawapigia wale wale nikiwa mtangazaji wa redio, niwarekodi wakijigamba, kisha nimchezee Anko tukila.

"Hapa ni kipindi chako cha jioni," nikamwambia wa boda, nikibana pua. "Tumesikia wewe ndiye mtaalamu wa hali ya hewa. Hebu waambie wasikilizaji, hii mvua uliiona wapi?"

"Eh! Niko hewani? Wasalimie watu wa stage! Mimi sikuiona, niliambiwa na mwenye bucha."

Mwenye bucha aliniuliza kwanza kama kuna zawadi. Kisha akasema shemasi ndiye alitangaza, baada ya ibada, na wakatoa shukrani kwa maombi. Shemasi, kwa sauti ya madhabahuni, akasema aliletewa habari na dada mmoja wa kwaya anayetoka Isinya. Dada wa kwaya anayetoka Isinya ni shangazi yangu. Nikampigia yeye.

"Habari yako mama, hapa ni kipindi..."

"Wewe shetani mdogo, najua sauti yako! Unataka nini?"

"Shangazi, ile mvua ya Loitokitok. Nani alikwambia?"

"Si anko yako! Alipita hapa Jumamosi kutafuta dawa ya kupe. Aliniambia kumenyesha huko."

Nilishuka kwa kichuguu nikicheka peke yangu. Anko alikuwa ametoa habari, habari ikazunguka kwa kwaya, kwa madhabahu, kwa bucha na kwa pikipiki, ikaongezewa mito na daraja, ikamrudia Anko, naye akaipokea kama ushahidi. Niliona nimepata mchezo wa mwaka mzima. Niliwachezea ile rekodi karibu na moto, mmoja baada ya mwingine, mpaka shangazi.

Hakuna aliyecheka. Koko alimgeukia Anko.

"Wewe uliiona?"

Anko alikuwa akiangalia mikono yake. "Niliona umeme usiku. Upande ule. Ilikuwa mbali."

"Umeme."

"Nilifikiri... Yeyo, mama yangu, na wao wote walisema vile vile."

Nje, yule wa kijivu alikohoa. Ndipo nilipoelewa kwamba kesho kabla ya jua wangekuwa njiani, wote, wakifuata umeme ambao mtu mmoja aliuona akitoka kukojoa. Ladha ya mchezo wangu ikaisha.  Anko alitoka akaenda kusimama kati ya ng'ombe gizani.

Asubuhi yake alisema tuulize watu wengi zaidi. Koko akakataa.

"Siku moja ya kuuliza, wanailipa wao," akasema, akinyoosha kidole kwa mbavu zilizokuwa mbele yetu. "Tafuta wachache. Lakini kila mmoja awe na jicho lake."

Shuleni tuko na mwalimu wa kompyuta ambaye kompyuta zake nyingi zimekufa, anazitumia kuwekea vikombe, kwa hivyo masomo yake ni ya mdomo. Muhula uliopita alitufundisha jinsi ya kuchagua wakati huwezi kujaribu kila kitu: chukua kwanza kile cha bei rahisi, ongeza tu kile kinachokuambia jambo ambalo vile vingine havijui, na ukifika mahali ambapo jibu jipya halitabadilisha utakachofanya, simama. Alisema si lazima upate jibu bora kabisa, unapata jibu zuri kabla hujachelewa. Mimi niliuliza kama njia hiyo inafanya kazi kwa kuchagua mume na nikatolewa nje, kwa hivyo sikusikia mwisho. Lakini nilikuwa nimesikia mpaka hapo, na nilipomwambia Koko akanitazama kidogo.

"Basi anza na rahisi," akasema.

Rahisi alikuwa Mama. Mama ni Mkamba wa Machakos na ana kibanda cha mboga Kitengela, na nyanya na vitunguu vyake vingi vinatoka Loitokitok. Nilimpigia nikamuuliza kama mboga zinaonyesha kumenyesha.

"Nyanya hazijui mvua," Mama akasema. "Huko wanamwagilia kwa mfereji, kukauke kusikauke zinakuja tu. Lakini lori yenyewe iko hapa inashusha. Ngoja." Nilimsikia akitembea, akimsukuma mtu. "Ni vumbi mpaka kwa kioo. Yule turniboi wa kushusha mizigo amejifunga kitambaa kwa pua kama mwizi. Hata tope kidogo kwa tairi hakuna. Niulizie Koko kama anakula."

"Anakula, Mama."

"Na wewe unasumbua?"

"Kidogo."

Loitokitok ikaisha hapo, kwa simu ya dakika moja. Ikabaki Ewuaso Kedong, lakini kujua kwamba kusini ni kubaya hakufanyi magharibi kuwe kuzuri. Anko alimpigia mzee mmoja wa huko, wa rika la Babu. Salamu zilikuwa ndefu kuliko ibada. Mwishowe mzee akalia kwamba huko hakuna kitu, ni mawe, watu wanahama.

Anko alikaa chini kwa uzito. "Hata huko."

"Yeye amehama?" Koko akauliza.

"Hapana. Yuko kwake."

"Na ng'ombe wake?"

"Wako naye."

Koko akatikisa kichwa. "Mtu aliye na nyasi kidogo hawezi kukuita uje na midomo ya ng'ombe wako. Na asiye nazo pia atasema hana. Hatujajua kitu."

"Sasa Koko, tumempigia ya nini?" nikauliza. "Kredo ni yangu."

"Kumsalimia. Ni mtu mzuri."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Anko kutabasamu tangu usiku ule.

Aliyetuokoa ni mwanamke ambaye hajawahi kufika Ewuaso Kedong. Kando ya kibanda cha Mama kuna mama anayeuza matumbo. Kila asubuhi anaenda kichinjioni, anapewa matumbo ya siku hiyo, anayapasua na kuyaosha mwenyewe. Mimi nimekua nikimkimbia kwa sababu ya ile harufu. Lakini nilipokuwa nimelala nikifikiria ni nani mwingine ana jicho lake, nilikumbuka kwamba huyu anaona kile ng'ombe alikula kabla ya kufa. Ng'ombe wa lori huchinjwa asubuhi baada ya kufika. Tumbo bado limejaa nyasi za kwao.

Mama alimpelekea simu.

"Wa Ewuaso?" akasema kwa sauti ya mtu anayeuliziwa kazi yake kwa mara ya kwanza. "Walikuja juzi, na leo tena. Yule mnunuzi ni wa huko, namjua, hanunui kwingine. Ni nyasi mbichi, mtoto wangu. Fupi fupi, kijani kama dhania. Wa upande wa Namanga niliosha wiki hii walikuwa na makaratasi na mabua."

"Una hakika ni kijani?"

"Kijani mpaka kucha. Kuja uone mikono yangu."

Nilipomweleza Koko, aliuliza jambo moja tu: huyo mama alipewa hiyo habari na nani. Nikamwambia hakupewa, aliitoa kwa mikono. 

Anko sasa alikuwa amepata woga wa kuamini kitu chochote. Alitaka kuazima pikipiki, aende mwenyewe mpaka Ewuaso, aone, arudi. Ilikuwa kwenda siku moja na kurudi siku ya pili, na asubuhi hiyo tulikuwa tumeinua ng'ombe watatu.

"Anko," nikasema, na safari hii sikuwa natania, "ukirudi useme hakuna nyasi, tutaenda wapi?"

Akatazama upande wa magharibi.

"Kusini hakuna. Hapa hakuna. Utakachosema ukirudi, bado tutaenda huko huko. Ila watakuwa wamekonda siku mbili zaidi."

Walitazamana, yeye na mama yake. Ni jambo gumu kumsikia mtoto akisema, hasa mtoto ambaye jana yake alikuwa amejaza chumvi kwa sukari. Koko alisimama akachukua fimbo yake.

"Kesho," akasema.

Koko hakuwa na miguu ya safari hiyo. Alisimama langoni wakipita, akimgusa kila mmoja, na wa kijivu alimshika sikio kidogo kabla ya kumwachilia aongoze. Mimi niliinamisha kichwa akanigusa pia, kama anavyotusalimu watoto, nikaenda na Anko.

Asubuhi ilienda vizuri. Walitembea kama wazee wanaoenda kupiga kura, polepole lakini wakijua wanakoenda. Wa kijivu aliijua njia. Alikuwa ameipita miaka ya nyuma, ndama akiwa kando yake. Jua lilipokuwa juu ya kichwa alisimama, nasi tukasimama nyuma yake.

Mbele yetu kulikuwa na waya. Nyaya tano, nguzo nyeupe mpya, kutoka tunapoweza kuona upande huu mpaka tusipoweza kuona upande ule. Ndani hakukuwa na nyumba hata moja, ni mawe ya kona yaliyopakwa rangi na ubao wa kuuza ploti. Njia iliendelea ng'ambo. Tuliiona, imekanyagwa, nyekundu, ikipanda kilima.

Anko alishika waya akautikisa. Kisha tukazunguka upande wa chini, kwa sababu chini kulionekana karibu. Hakukuwa karibu. Tulifuata zile nguzo mchana wote, na kila zilipopinda tulidhani zimeisha. Ng'ombe walikuwa wanatembea kwa nguvu ambayo haikuwekwa kwa ajili ya kuzunguka ploti za watu.

Wa kijivu alikuwa akigeuza shingo kila mara kutazama ng'ambo. Kwenye kona moja alisimama, akaweka kidevu chake juu ya waya wa pili, akalala.

Nilishika mkia. Anko alishika pembe. Hakukuwa na wa tatu. Tuliinua, akafika magoti, akarudi. Tuliinua tena. Nilimwambia maneno yote ambayo nimesema hayafai kitu. Nilimwita jina la kila mwalimu nisiyempenda nikidhani atakasirika asimame. Anko aliniambia niache. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya jicho la ng'ombe, kama mtu anayemkinga na jua.

Wengine walisimama wakitungoja. Hawakujua wamfuate nani. Ikabidi Anko aende mbele, na mimi nyuma, mpaka waya ukaisha.

Wale wengine walifika. Nilirudishwa Isinya na lori la mchanga kesho yake, Anko akaendelea, na siku aliyofika alipiga simu: kuna nyasi, fupi fupi, kijani. Mama wa matumbo hakukosea hata kidogo. Nilimpelekea Koko simu. Alisikiliza, akauliza kuhusu mmoja mmoja kwa rangi yake, na alipofika kwa wa kijivu hakuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia.

Nilirudi Kitengela kabla ya shule kufunguliwa. Jioni, Baba akila, Mama aliniuliza kuhusu safari na nikasimulia. Nilipofika kwa nguzo nyeupe Baba aliacha kutafuna.

"Pale kwa ubao wa kuuza ploti?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni sisi tulifunga. Mwezi wa kumi."

Kazi ya Baba ni hiyo. Anachimba mashimo ya nguzo na kuvuta waya kwa ploti za watu, kutoka Kitengela mpaka Isinya na mbele yake. Nimekuwa nikijua hivyo maisha yangu yote, kama ninavyojua kwamba ukuta wa sebule ni wa bluu.

"Mngepanda upande wa juu," akasema. "Kuna geti. Halifungwi na kufuli, tulikosa kufuli, tukaweka kipande cha waya tu."

"Ni mbali?" Mama akauliza.

Baba alifikiri. Aliangalia sahani. "Si mbali."

Niliweka kijiko chini. 

"Mbona hukutuambia, Baba?"

"Hamkuniuliza." Hakusema kwa hasira. "Habari za ng'ombe huwa siulizwi."

Tulikuwa tumeuliza tope la lori na tumbo la ng'ombe aliyechinjwa. Tuliuliza kuhusu nyasi tu, tukasahau kwamba kati yetu na nyasi kuna njia. Na aliyejua njia alikuwa nyumbani kwetu, kwa gharama ya simu moja tu, akirekebisha mtungi wa gesi.

Sijui Mama alimwambia Koko nini. Najua mvua ilipokuja, mwezi wa nne, na wakati wa kuwarudisha ukafika, simu iliyoingia Jumamosi asubuhi haikuwa yangu wala ya Mama. Koko alimtaka Baba. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu mimi ni mimi.

Salamu zilikuwa ndefu. Kisha Koko akamuuliza kuhusu waya. Baba akaanza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, nguzo kwa nguzo, ploti kwa ploti, geti lipi lina mlinzi mkali, wapi mwenye ploti ni mtu wa kanisa na ataruhusu. Sijawahi kumsikia Baba akiongea hivyo. Koko alikuwa akiitikia ee, ee.

"Hiyo umeiona ama umesikia?" akauliza mwishowe.

"Nimechimba mwenyewe, yeyo."

Nilimsikia Koko akivuta kigoda, akaketi.

"Basi uje uwafungulie," akasema.

Alienda. Aliomba ruhusa kazini, akanichukua, tukasimama kwenye lile geti la juu mapema. Walitokea kwa kilima wakiwa wameshiba, Anko akipiga mluzi nyuma, na mbele yao akiwa ndama mkubwa wa yule wa kijivu, rangi ile ile. Baba alifungua kile kipande cha waya, akalishika geti kwa mikono miwili ingawa lilikuwa linasimama lenyewe, na kila ng'ombe alipopita alisema jambo dogo kwa Kimaasai ambalo sikulisikia. Kwa upande wa chini, mbali, kulikuwa na ile kona. Alikuwa ameuliza ni ipi, nikamwonyesha.

Anko alipofika walisalimiana. Kisha Anko akasimama wima, akaanza kumpa ndugu yake habari, zote, tangu mwanzo, na Baba akaitikia ee, ee. Nilikuwa na utani mzuri sana hapo. Nikauacha.